Je, askari kanzu akiulizwa hulazimika kukiri?
Wengi huamini kwamba askari kanzu aliyejipenyeza katika genge la wasafirishaji wa dawa za kulevya, akiulizwa kama yeye ni polisi, hulazimika kukiri, la sivyo ushahidi wake utatupwa mahakamani. Nchini Marekani hakuna sheria ya namna hiyo; ingekuwapo, mpelelezi asingemaliza hata siku moja kazini. Robert Mazur, ofisa wa forodha, alijiita Bob Musella miongoni mwa watakatishaji wa fedha za kokeini ya Colombia, hadi mwaka 1988, ambapo baadhi ya washukiwa walioalikwa Florida kwenye harusi yake ya uongo walitiwa mbaroni wakidhani wanapelekwa kwenye sherehe ya kumuaga ukapera. Utetezi unaoweza kusimama ni mwingine: kwamba mshtakiwa, asiye na nia ya uhalifu, alishawishiwa na mpelelezi mwenyewe atende kosa.