Sahihi mbele ya wakili haikufanyi mwenye shamba

Kwenye magrupu ya WhatsApp nchini Kenya kuna ujumbe usioisha kuzunguka: ukisaini mkataba wa mauzo mbele ya wakili wa muuzaji, chifu akishuhudia, ardhi imeshakuwa yako, kutafuta wakili wako ni kutupa pesa.

Si kweli. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, umiliki huhama uhamisho unaposajiliwa kwa jina lako. Kabla ya hapo, ulicho nacho ni makubaliano tu. Naelewa watu wanapochanganyikiwa: karatasi ina muhuri, picha za pasipoti na mashahidi, na vijijini neno la wazee lilitosha.

Wakili wa muuzaji anamtetea muuzaji. Wako ndiye atakayepekua rejista ya ardhi kabla hujalipa chochote. Cheti cha upekuzi huonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake na kama kuna rehani ya benki au zuio, yaani kizuizi cha kuiuza. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha muuzaji, herufi kwa herufi. Shamba la kilimo kwa kawaida huhitaji pia kibali cha bodi ya ardhi.

Leseni ya wakili hutolewa kila mwaka, kwa hiyo hakikisha ni ya mwaka huu. Aliye karibu nawe ni rahisi kumfikia, ila ukaribu hauchukui nafasi ya leseni.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Anayeuamini anaweza kupoteza akiba ya miaka mingi.