Kiini cha atomu kinabonyezeka kiasi gani? Habari ya godoro, dhahabu na nyota ya nyutroni

Ukienda dukani kununua godoro kitu cha kwanza unalibonyeza kwa kiganja, likizama moja kwa moja unajua hili baada ya mwaka ni mkeka, likigoma unajua hili gumu. Sisi wa fizikia ya nyuklia tuna swali hilohilo ila godoro letu ni kiini cha atomu, kile cha katikati chenye protoni na nyutroni, na tatizo letu ni kwamba hamna kiganja cha kukibonyezea.

Kwanza tujue ni kitu cha aina gani. Kiini cha dhahabu kingekuwa mpira wa miguu umewekwa pale Posta, Dar, basi ukingo wa atomu yenyewe ungekuwa huko Kariakoo, na njia nzima hiyo hamna kitu zaidi ya elektroni. Ila uzito karibu wote uko kwenye ule mpira! Maada yake imeshindiliwa kiasi kwamba kijiko cha chai tu kingepita tani bilioni moja. Sasa kitu kama hicho utakibonyeza na nini, chuma? Chuma ni uwazi mtupu ukilinganisha. Kinachokiweza ni kiini kingine, kwahiyo unachukua viwili unavigonganisha.

Mfano mzuri ni maabara ya GSI iliyoko Darmstadt, Ujerumani. Pale wanachukua atomu za dhahabu wanazivua elektroni ili zibaki na chaji, manake chaji ndo inayoshikika na umeme na sumaku, wanaziswaga kwenye pete yenye mzunguko wa mita 216 mpaka zinafika kama asilimia 90 ya mwendo wa mwanga, halafu wanazielekeza kwenye vipande vyembamba vya dhahabu. Nyingi zinapita tu bila kugusa kitu (kumbuka Posta na Kariakoo), chache ndo zinapata ajali. Swali ninaloulizwa kila mara ni kama hapo hapawezi kulipuka. Hapawezi, mbu anayeruka ana nishati kuliko kiini kimoja hicho, ila nishati ya mbu imesambaa mwili mzima na hii imebanwa padogo mno.

Padogo hapo maada inashindiliwa mara mbili hadi tatu ya kawaida yake, kisha inafumuka. Muda wake hata haupimiki kwa saa: gawanya sekunde mara bilioni, gawanya tena mara bilioni, halafu tena mara elfu kumi. Hamna kamera ya kupiga hiyo picha. Unachopata ni vipande vilivyotawanyika kwenye ditekta (vifaa vya kunasia chembe), na kazi ni kusoma vimetoka kuelekea wapi.

Na hapa ndo penye utamu wenyewe. Viini mara nyingi havigongani uso kwa uso, vinachubuana kama magari yanayopishana barabara nyembamba. Sehemu zilizokutana tunaziita washiriki, zile zilizobaki nje zinaendelea na safari yao na tunaziita watazamaji. Maada iliyobanwa katikati inatafuta pa kutokea, ni kama unga wa chapati ukiubana kati ya viganja, utachomoza popote penye upenyo. Lakini pembeni kule watazamaji bado wanapita, wameziba kama ukuta, kwahiyo vipande vinachomoka juu na chini. Ukiongeza sana kasi watazamaji wanawahi kuondoka, pembeni panafunguka, maada inaanza kumwagikia huko. Yaani watazamaji ndo saa yetu. Tunajua wanapita kwa muda gani, kwahiyo maada ikiwa ngumu itasukuma haraka na kuwakuta bado wapo, ikiwa laini itachelewa na kukuta wameanza kupisha njia. Unahesabu vipande vya juu na chini, unahesabu vya pembeni, unalinganisha na hesabu za kompyuta, ugumu unaanza kuonekana. Mimi nilipoelewa hili mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kumbe ugumu wa kiini unausoma kwa kuangalia mlango ulikuwa umefungwa au wazi.

Kuna njia nyingine ya kuhesabu chembe zinazozaliwa kwenye ajali hizo, zinaitwa kaoni, sitaiingia sana, ila nayo ilipolinganisha migongano ya dhahabu na ya kaboni ilisema maada hii ni laini laini.

Sasa laini kiasi gani? Jibu linagusa nyota ya nyutroni, ambayo ni maada hiyohiyo ila uzito wake unazidi jua letu na upana wake ni km 24 hivi, Posta mpaka Tegeta. Na hapa pwani yetu imo kwenye hadithi: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kupima eksirei za angani, na kwakuwa Kenya ilikuwa inasherehekea siku yake ya uhuru ikapewa jina Uhuru. Ni Uhuru iliyoona Centaurus X-3 ikipiga mapigo kila sekunde 4.8, nayo ni nyota ya nyutroni inayonyonya gesi ya mwenzake. Mwaka 2010 ikapimwa nyingine yenye uzito wa karibu majua mawili, na maada ingekuwa laini kupita kiasi nyota kama hiyo ingeshaporomoka zamani kuwa shimo jeusi. Halafu tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya graviti ya nyota mbili zilizogongana yakaonyesha maada hiyo haiwezi kuwa ngumu kupita kiasi pia. Mwaka 2022 watafiti waliunganisha vipimo vya angani na vile vya migongano ya dhahabu ya GSI, nusu kipenyo ikaja km 12 kwa nyota yenye uzito wa jua mara 1.4.

Ila kuna kitu bado kinatusumbua. Dhahabu ina protoni 79 na nyutroni 118, wakati nyota ile ni nyutroni karibu tupu, sio godoro lilelile kabisa. Ndo maana kule kituo cha utafiti cha RIKEN, Japani, wamegonganisha bati (lile la migodi ya Kyerwa, sio la kuezekea) la aina tofauti kwa zamu, moja lina nyutroni 58 na lingine 82, protoni kila moja 50, ili waone nyutroni zikizidi ugumu unabadilikaje. Lakini hilo la 82 hulipati Kyerwa wala mgodi wowote, linatengenezwa kwa kupasua urani, na kila sekunde 40 hivi nusu yake imeshageuka kitu kingine, kwahiyo hakuna kuweka stoo, linatengenezwa na kugongwa palepale.