Je, mzunguko wa dunia huifupisha safari ya ndege?

Wengi huamini kwamba, kwa kuwa dunia huzunguka kuelekea mashariki, ndege inayokwenda magharibi huwahi kufika, maana mji iendako unaisogelea. Ni hoja yenye mantiki ukiisikia mara ya kwanza.

Lakini hewa nayo huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kati ya London na New York ni takriban kilomita 5,500. Kwenda magharibi huchukua kama saa 8. Kurudi, karibu 7. Kinyume kabisa! Sababu ni upepo: kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 hupita mkondo mkali utokao magharibi, ambao huisukuma ndege inayorudi na kuipinga inayokwenda.

Unaweza kuhakiki kwa ratiba yoyote ya safari, ila saa za tiketi ni za mahali husika. Tuseme ndege imeondoka New York saa 3 usiku, ikatua London saa 3 asubuhi. Zinaonekana saa 12. Ondoa 5 za tofauti ya majira, zinabaki 7.