Je, wajua? Kwa nini paneli ya sola imeshuka bei hivi wakati jua ni lile lile

Huku Kigoma swali hili linarudi kila mtu akienda kununua sola. Jua la Mwandiga halijabadilika tangu enzi za mababu, sasa imekuwaje paneli, ambayo zamani ilikuwa kitu cha misheni, zahanati na minara ya simu, leo inauzwa madukani pale Mwanga pembeni ya ndoo na magodoro?

Kijiweni utapewa majibu mawili, na yote yana shida. La kwanza ni kwamba jua ni bure, kwahiyo umeme wake lazima uwe rahisi. Lakini jua lilikuwa bure hata mwaka 1977, na mwaka huo wati moja ya seli za sola ilikuwa inauzwa kama dola 76. Yani paneli ya wati 100, hii ya kuwashia taa chache na kuchaji simu, ingekula zaidi ya dola 7,000 kabla hujanunua hata waya. Leo wati moja ikitoka kiwandani iko chini ya senti 20 za dola. Unachonunua dukani ni silikoni iliyosafishwa sana, kioo, fremu ya alumini na vinyuzi vya madini ya fedha, na hivyo ndo vimebadilika bei. (Na wale wanaosema Kigoma tuna bahati kwa sababu ya joto, hapana, paneli inakula mwanga. Joto linaipunguzia nguvu, kati ya asilimia 0.3 na 0.5 kwa kila nyuzi moja juu ya 25, ndo maana fundi mzuri anaacha nafasi ya hewa kati ya paneli na bati.)

Jibu la pili ni kwamba zimekuwa rahisi kwa sababu ni feki. Hili nataka tukae nalo kidogo maana linawafanya watu waogope kitu kizuri. Feki zipo kweli na unaweza kuzikamata mwenyewe bila kifaa. Geuza paneli usome stika ya nyuma, utaona volti za kazi zimeandikwa Vmp na ampea Imp, zizidishe, jibu lazima liwe sawa na wati zilizoandikwa, mfano 18 mara 5.56 unapata 100. Halafu angalia ukubwa. Jua kali la mchana linashusha kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nyingi nzuri zinageuza karibu asilimia 20 ya hapo kuwa umeme, kwahiyo mita moja ya mraba inakupa wati 200 hivi. Paneli ya wati 300 inatakiwa iwe na karibu mita moja na nusu ya mraba, ukiona imeandikwa 300 na unaweza kuibeba kwapani iache hapo hapo dukani.

Ila feki haielezi kwa nini bei imeshuka, kwa sababu zile paneli halali zenye warranti ya miaka 25, zinazofungwa Ujerumani na Japani, nazo zimeshuka vile vile. Wengine watakuambia ni vibarua wa bei rahisi wa Uchina. Kidogo ni kweli, ila kiwanda cha kisasa cha paneli kimejaa mashine, mishahara ni sehemu ndogo tu ya gharama, na bei ilishaanza kushuka miaka mingi kabla Uchina haijaingia kwa nguvu kwenye hiyo biashara.

Kilichotokea ni hiki. Chukua fundi wa boti za mbao pale Kibirizi anayeunda boti yake ya kwanza. Anakata mbao fupi, anatupa, anakata tena, mataruma (mbavu za boti) hayakai sawa na mkuku (ule uti wa chini), anaziba nyufa kwa pamba mara mbili kwa sababu mara ya kwanza maji yaliingia. Boti ya pili anatupa mbao chache. Ya nne ameshajitengenezea kiolezo cha taruma, hapimi upya kila mara. Ya nane ana vijana wawili, mmoja anakata tu mwingine anagonga tu, ya kumi na sita anachukua mbao kwa jumla. Hakuna siku aliyogundua siri kubwa, ni vitu vidogo vingi, na kila kimoja alikipata kwa sababu kulikuwa na mtu anayenunua boti iliyotangulia. Wateja wakikosekana baada ya boti ya pili, hiyo bei ya boti ya kumi na sita haitokei kabisa, hata fundi awe na kipaji namna gani.

Mhandisi wa Marekani, Theodore Wright, aliandika jambo hili mwaka 1936 akiangalia viwanda vya ndege: kila jumla ya ndege zilizotengenezwa ikiongezeka mara mbili, kazi ya kutengeneza moja inapungua kwa karibu asilimia 20. Paneli za sola zimefuata mwendo unaofanana na huo kwa miongo kadhaa. Zingatia hapo kwenye "mara mbili". Ukianza na bei 100, jumla ikiongezeka mara mbili inakuwa 80, mara mbili tena 64, halafu 51. Ukirudia mara kumi umetengeneza zaidi ya mara elfu ya ulipoanzia na bei iko kama 11. Kadiri unavyoendelea, kila hatua inadai wanunuzi wengi zaidi, na hapo ndo lilipo swali lenyewe, nani alinunua wakati ni ghali?

Mwanzoni walikuwa watu wa setilaiti, Vanguard 1 ya mwaka 1958 ilibeba seli za sola kwa sababu angani huwezi kupeleka dizeli. Baada ya mafuta kupanda 1973 Japani ikaweka hela ya serikali. Halafu ikaja Ujerumani mwaka 2000, nchi ya mawingu inayopata kama nusu tu ya jua letu kwa mwaka, ikatunga sheria kwamba mwenye sola kwenye paa atalipwa kama senti 50 za yuro kwa kila uniti anayoingiza kwenye gridi, kwa miaka 20, na gharama hiyo wagawane wateja wote kwenye bili zao. Kufika 2017 makato hayo, pamoja na ya upepo na vyanzo vingine, yalikuwa karibu senti 7 kwa uniti, hadi yalipoondolewa Julai 2022. Wachumi wengi waliipinga kwa hoja nzito, kwamba kupunguza tani moja ya kaboni kwa njia hiyo ni ghali kuliko njia nyingine zilizokuwepo. Kwa hesabu ya ndani ya Ujerumani walikuwa na haki. Lakini oda zile zilijenga viwanda, Uchina ikavikuza, leo zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji iko kule, na bibi wa Bavaria aliyelipa bili yake kwa manung'uniko amechangia paneli ya Kasulu bila kujua. Mimi naona hili ni moja ya mambo ya ajabu na mazuri kabisa yaliyowahi kutoka kwenye sera ya tabianchi.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Kuona bei inashuka huku uzalishaji unapanda hakuthibitishi nani kamsababisha mwenzake, maana bei ikishuka watu pia hununua zaidi. Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, waliochambua mwaka 1980 hadi 2012 walikadiria kama asilimia 60 ya mshuko ilitokana na sera za kukuza soko, ni makadirio mazuri ila ni makadirio. Na bei za 2023 na 2024 zina sehemu ya viwanda vya Uchina kuzalisha kupita mahitaji mpaka vingine vikauza kwa hasara, hiyo siyo kujifunza kama kwa yule fundi wa boti.

Utaratibu huu haufanyi kazi kwa kila kitu. Bwawa la Malagarasi pale Igamba, megawati 49.5, lina mwamba wake na mto wake, ukimaliza huwezi kulinakili uende nalo kwingine. Dizeli ndo mbaya zaidi, miaka yote Kigoma ilipokuwa nje ya gridi ya taifa ikiwasha majenereta, uzoefu wa mwaka mzima haukupunguza lita hata moja ya mafuta ya mwaka unaofuata.

Sasa kwa nini mfumo mzima bado unauma? Sehemu kwa sababu ya betri na inveta, ingawa betri za lithiamu nazo zimeshuka takriban asilimia 97 tangu 1991, ndo maana boti za dagaa zinaacha karabai zinabeba taa za LED. Sehemu kubwa lakini ni riba. Dizeli unailipia kidogo kidogo, sola unalipia miaka kumi ya umeme siku moja. Mfumo wa shilingi milioni moja ukikopwa kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 5 unarudisha kama shilingi 130,000 kwa mwaka, kwa riba ya asilimia 20 unarudisha kama 239,000. Paneli ile ile, paa lile lile, umeme karibu mara mbili ya bei. Kwahiyo nikiulizwa serikali na wafadhili wasaidie wapi sasa hivi, nitasema kwenye dhamana za mikopo kabla ya ruzuku ya paneli. Na anayechukua sola ya kulipa kila siku kwa simu asiulize bei ya siku peke yake, azidishe mpaka siku ya mwisho kisha alinganishe na bei ya kulipa taslimu.