Shibiri, mkono na pima: dhana potofu za wanafunzi wa sanaa kuhusu ukubwa wa kazi zao

Mwanafunzi wa sanaa anapoambiwa achukue mchoro alioufanya kwenye ukurasa wa daftari na kuufanya upya ukiwa na kimo cha mtu mzima, jambo la kwanza linalomjia akilini huwa ni hesabu: karatasi ngapi ziunganishwe, rangi inunuliwe kiasi gani, na ngazi iazimwe kwa nani. Nimefundisha uchoraji na uchongaji hapa Mombasa kwa miaka kadhaa, na zoezi hili la kubadilisha ukubwa ndilo linaloniletea maswali mengi kuliko mengine yote. Mengi ya maswali hayo hutokana na dhana ambazo wanafunzi wamezipokea kutoka kwetu sisi walimu, kwa hiyo ni wajibu wetu kuzirekebisha.

Waswahili walikuwa na namna yao ya kupima kabla ya rula kuenea. Wanda ni upana wa kidole. Shibiri ni kiganja kilichotandazwa, kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Mkono ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Na pima ni urefu wa mikono yote miwili iliyonyoshwa. Shibiri mbili hufanya mkono, na mikono minne hufanya pima. Huwataka wanafunzi watumie vipimo hivi kabla hawajaigusa rula, kwa sababu vinaonyesha jambo ambalo sentimita hulificha: kazi ya shibiri moja hushikwa kiganjani, kazi ya mkono mmoja hupakatwa, na kazi ya pima moja humlazimu mtazamaji arudi nyuma ili aione yote. Ukubwa wa kazi ya sanaa ni uhusiano kati ya kazi hiyo na mwili wa mtu, na karibu kila dhana ninayoijadili hapa imezaliwa pale uhusiano huo uliposahauliwa.

Dhana: kazi kubwa ina uzito kuliko kazi ndogo

Dhana hii hupata nguvu katika mji ambao mojawapo ya alama zake zinazojulikana zaidi ni pembe za ndovu za alumini, zilizowekwa katika miaka ya 1950 juu ya barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Pembe halisi ya ndovu mtu anaweza kuibeba begani, lakini hizi magari hupita chini yake, na mtoto aliyezitazama tangu utotoni anaweza kuamini kwamba mshangao wake ulitokana na ukubwa peke yake. Ukweli ni kwamba kinachotushtua ni kitu tulichokizoea kuondolewa kwenye ukubwa wake wa kawaida, na mabadiliko hayo yanaweza kuelekea upande wowote, wa kukuza au wa kupunguza.

Mona Lisa, picha ambayo watu husafiri mabara kwenda kuiona Ufaransa, ina kimo cha sentimita 77 na upana wa sentimita 53. Kanga ya kawaida ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa takriban sentimita 110, kwa hiyo ukiikunja mara mbili hadi ibaki robo, utakuwa umeshika mkononi kipande kinachokaribia sana ukubwa wa picha hiyo. Kwa upande mwingine, Guernica ya Picasso, picha ya mji uliopigwa mabomu vitani, iliyochorwa mwaka 1937, ina kimo cha mita 3.49 na upana wa mita 7.77, na ukubwa huo una kazi yake: aliyesimama karibu hawezi kuyaona maafa yote kwa mtazamo mmoja, na hulazimika kugeuza shingo kutoka kwa mama anayelia hadi kwa farasi aliyejeruhiwa. Picha ya kwanza inahitaji uso kwa uso, na ya pili inahitaji kumzingira mtazamaji. Wachoraji hao wawili walijiuliza mtu atasimama wapi, na hilo ndilo swali ambalo mwanafunzi anapaswa kuliuliza kabla ya kununua chochote.

Mfano ulio karibu zaidi ni hina. Mpambaji wa maharusi katika Mji wa Kale huweza kulitimiza ua zima, pamoja na majani na vikonyo vyake, ndani ya upana wa wanda moja tu. Ua hilo limekusudiwa kuonwa na anayemshika bi harusi mkono, na uzuri wake umo katika ukaribu huo. Mwanafunzi aliyelichukua ua kama hilo na kulichora ukutani kwa kimo cha pima moja bila kubadilisha chochote hushangaa kuona limepoa, ilhali mistari ni ileile. Hakukosea katika kuchora. Amelipeleka mbali jambo ambalo lilikuwa likisemwa kwa kunong'ona.

Dhana: kukuza ni kuzidisha vipimo tu

Hapa ndipo penye makosa mengi, na ningependa kupaeleza kwa kirefu.

Tuanze na karatasi. Wanafunzi wengi husema kwamba A3 ni A4 mara mbili, na wamesema kweli kuhusu eneo, lakini wanapotarajia urefu wa mchoro wao uongezeke maradufu wanapotea. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, na A3 ina milimita 297 kwa 420, kwa hiyo kila upande umeongezeka mara 1.41 tu. Anayetaka mchoro wake uwe mrefu maradufu lazima aende hadi A2, na hapo eneo la kujazwa rangi litakuwa limeongezeka mara nne. Mchoro wa sentimita 20 ukikuzwa hadi mita 2, yaani mara kumi, utahitaji rangi mara mia, na mstari wa penseli uliokuwa na unene wa milimita moja unapaswa kuwa na unene wa sentimita moja iwapo unatakiwa kubaki na nguvu ileile. Aliyechora ukuta mzima kwa ncha nyembamba aliyoizoea hupata mistari kama nyuzi za buibui, kisha hudhani kwamba ameishiwa na ustadi.

Kwa wachongaji jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa kuna uzito. Chukua twiga wa mti mwenye kimo cha sentimita 30, mfano wa wale wanaochongwa na mafundi wa Kikamba kule Changamwe, na umkuze hadi mita 3 kwa uwiano uleule. Kimo kimeongezeka mara 10, unene wa miguu ukipimwa kwa eneo la mkato wake umeongezeka mara 100, lakini uzito wa mwili wote umeongezeka mara 1,000. Twiga aliyekuwa na nusu kilo sasa ana kilo 500, na kila sehemu ya mguu inabeba mzigo mara kumi kuliko awali. Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliliandika jambo hili mwaka 1638, akaonyesha kwamba mifupa ya jitu ingelazimika kuwa minene kupita uwiano wa mifupa yetu. Fundi anayechonga mnyama mkubwa hulijua jambo hili mikononi mwake hata kama hajawahi kulisikia jina la Galileo: huinenepesha miguu, huupunguza urefu wa shingo, au huiacha sehemu ya gogo chini ya tumbo iwe tegemeo. Umbo hubadilika kwa sababu ukubwa umebadilika, na mwanafunzi anayeandika katika daftari lake kwamba alilazimika kubadilisha umbo anakuwa ameandika ugunduzi, wala hapaswi kuona haya.

Wengine hutegemea mbinu ya miraba, ambapo mchoro mdogo hugawanywa katika miraba midogo na ukuta katika miraba mikubwa. Mbinu hii ni ya kale na inaheshimika. Wamisri wa zamani walimchora mtu aliyesimama ndani ya miraba 18 kuanzia nyayo hadi penye mstari wa nywele. Hata hivyo miraba hukuambia jicho litakaa wapi na kiwiko kitakaa wapi, basi. Haikuambii kwamba ukuta wa ghorofa tatu hutazamwa kutoka chini, ambapo sehemu za juu huonekana zimefupika, wala haikuambii kwamba mwili wako mwenyewe umebadilisha kazi. Anayechora kwenye daftari hutumia vidole na kifundo cha mkono. Anayechora kwa kimo cha mtu hutumia bega, kiuno na miguu, na mstari unaotoka begani una tabia tofauti kabisa na ule unaotoka vidoleni. Kwa sababu hiyo huwaomba wanafunzi wauchore ule mchoro mkubwa mara ya kwanza bila miraba, kwa mkaa, wakiwa wamesimama, wauone mkono wao unataka kwenda wapi.

Dhana: kupunguza ni kurahisisha

Kupunguza ni kuchagua, na kuchagua ni kazi ngumu. Ndani ya Fort Jesus, ngome iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, kuna michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno, na miongoni mwayo mna merikebu zao. Chombo kilichobeba watu na mizinga kuvuka bahari kimewekwa ndani ya eneo ambalo mtu anaweza kulifikia kwa mikono, na aliyekichora alilazimika kuamua kamba zipi zibaki na zipi ziachwe. Mpe mwanafunzi jahazi halisi kule bandarini, mpe karatasi ya shibiri moja na robo saa, na utaona ni nani aliyeelewa jinsi tanga linavyoshikiliwa.

Dhana: asiye na pesa wala karakana hawezi kuujaribu ukubwa

Dhana hii inaniuma kwa sababu huwakatisha tamaa wale hasa ambao wana macho makali. Ni kweli kwamba kitambaa cha kuchorea na rangi nzuri ni ghali, na ni kweli kwamba vyumba vingi vya kufundishia ni vidogo. Lakini ukubwa unaweza kujengwa kutokana na vidogo vingi, na watu wa pwani wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani. Mkeka husukwa kwanza kama ukili, ukanda mwembamba ambao msukaji huushika mapajani na kuuviringisha kadiri unavyorefuka, kisha ukili hushonwa ubavu kwa ubavu hadi ukawa mkeka wa kulaliwa. Msukaji hahitaji chumba kikubwa kuliko mahali anapokaa. El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi kwa miaka mingi Nsukka, Nigeria, hufuata mantiki iyo hiyo anapounganisha vifuniko vya chupa kwa nyaya za shaba hadi vikawa mapazia yanayofunika kuta nzima, na mapazia hayo hukunjika kama nguo yanaposafirishwa. Kule Lamu, mwaka 2018, lilizinduliwa jahazi la Flipflopi lenye urefu wa mita 9, lililoundwa kwa plastiki iliyokusanywa na kuvikwa vipande vya ndara zipatazo 30,000, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar.

Tunao pia ufuo wenyewe. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu huzidi mita 3, na maji yakipwa huacha uwanja wa mchanga uliolainika ambao hautozwi kodi. Kwa reki na kamba, wanafunzi wanaweza kuchora umbo la hatua hamsini, kisha mmoja wao apande mahali pa juu na kuwaambia wenzake wanachokiona. Kazi hiyo itafutwa na maji yatakapojaa, na saa ya kujaa inajulikana, kwa hiyo lazima waamue mapema ni mistari ipi ya lazima.

Dhana: tafakuri ni insha inayoandikwa kazi ikishakwisha

Wanafunzi wengi hukaa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi na kuandika kurasa mbili kuhusu walivyovutiwa na bahari na utamaduni. Maandishi hayo huwa mazuri kuyasoma, lakini hayamsaidii aliyeyaandika, kwa kuwa maamuzi yote yalikwisha kusahaulika. Tafakuri inayofaa huandikwa rangi ikiwa bado mbichi, nayo hujibu mambo madogo yanayoweza kupimwa: nilisimama umbali gani, nilitumia brashi ya upana gani, ni nini kilichopotea nilipokuza, ni nini kilichoonekana ambacho hakikuwapo, na kwa nini nilisimamisha kazi pale nilipoisimamisha. Hata hali ya hewa ina nafasi yake, kwa sababu unyevu wa bahari hulegeza karatasi iliyobandikwa ukutani, na aliyeandika kwamba karatasi ilijikunja kabla ya adhuhuri atajua wakati mwingine aanze saa ngapi.

Wapo wanaoamini kwamba mwenye kipaji hana haja ya kujieleza. Mimi naona kwamba mwenye kipaji ndiye mwenye mengi ya kupoteza asipoandika, kwa maana mikono yake huamua kwa haraka kuliko anavyoweza kukumbuka.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyeuchora mkono wa bibi yake ukisuka ukili, kwanza kwa shibiri moja, kisha kwa pima nzima. Katika daftari lake aliandika kwamba akiwa hatua nne kutoka ukutani aliona madoa tu, na kwamba hatua ya kumi na mbili ndiyo iliyomrudishia mkono, lakini hapo makunyanzi ya vidole, ambayo ndiyo yaliyomfanya auchore, yalikuwa yamemezwa. Alirudi akafanya kazi ya tatu yenye kipimo cha mkono mmoja kamili, akaitundika chini kuliko desturi, usawa wa kiuno, mahali ambapo mtu hulazimika kuinama kama anayezungumza na mzee aliyekaa mkekani.