Kubadilisha majina ya picha za kamera kwa amri moja

Kamera nyingi za dijitali hufuata kanuni ya DCF (utaratibu wa pamoja wa kupanga faili za kamera), ambayo huipa kila faili jina la alama nne zinazofuatwa na tarakimu nne, kama DSC_0147. Kwa kuwa tarakimu hizo huanzia 0001 na kukomea 9999, kihesabio kikifika mwisho hurudi mwanzo, na hapo ndipo picha mbili za miaka tofauti zinapojikuta na jina moja. Ukizihamishia katika folda moja kwa mv, amri ya terminali ya kuhamisha faili, picha inayofika baadaye huifuta iliyotangulia bila kuuliza, isipokuwa umeongeza -n, inayozuia hilo.

Wengi huandika skripti ya kuzipa picha namba mpya kuanzia 1. Siipendi njia hiyo. Bila sufuri za mbele, orodha ya kialfabeti huiweka 10 kabla ya 2. Na anayefanya hesabu kwa namba za zamani ndani ya bash (programu inayopokea amri za terminali) hukwama kwenye 0008, kwa sababu bash huichukulia namba inayoanza na sufuri kuwa ya mfumo wa nane, usio na tarakimu 8 wala 9 (dawa ni kuitanguliza 10#). Zaidi ya hayo, namba mpya haisemi lolote kuhusu picha, ilhali tarehe ya kupigwa imo tayari ndani ya faili, katika data za EXIF, yaani maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya picha.

Kwa hiyo natumia exiftool, programu ya Phil Harvey:

exiftool '-TestName<DateTimeOriginal' -d '%Y%m%d_%H%M%S_%%f.%%e' .

TestName huonyesha majina yatakayotokea bila kugusa faili yoyote. Nikiridhika, naweka FileName mahali pake. Sehemu ya %%f huhifadhi jina la zamani mwishoni, nami naishikilia kwa makusudi: picha kadhaa zilizopigwa ndani ya sekunde moja hazigongani, na faili ghafi (RAW) na JPG yake hubaki na jina linalolingana. Faili isiyo na tarehe huachwa ilivyo, pamoja na onyo.

Kama saa ya kamera ilikuwa nyuma kwa saa moja, amri ya exiftool -AllDates+=1 huirekebisha tarehe kwanza. Kazi yote hii ifanyike kabla ya kuingiza picha katika katalogi ya programu ya uhariri, kwa maana katalogi huitambua picha kwa mahali na jina lake, na jina likibadilishwa nje yake huihesabu kuwa imepotea.