TG-7, RX100 au G7 X? Kuchagua kamera ndogo ya kupigia picha chini ya maji

Waongozaji wenzangu wa kupiga mbizi hapa Unguja, na siku hizi hata wanafunzi wa sayansi ya bahari, huniuliza swali lile lile: ninunue kamera gani ndogo ya kuingia nayo majini? Nami huwarudishia swali kwanza. Unataka kupiga picha ya nini, na utamsogelea kwa umbali gani? Ukishalijibu hilo, kamera imeshajichagua nusu. Megapikseli tuziweke kando.

Kazi hii yote inaamuliwa na umbali. Maji yanameza mwanga na yanaanza na rangi nyekundu. Ukifika mita 5 nyekundu karibu yote imekwisha, kisha huondoka rangi ya machungwa, kisha njano, na chini zaidi kila kitu ni buluu. Wengi wanasahau kwamba maji yaliyopo kati yako na samaki nayo yanahesabika. Samaki aliye mita 3 mbele yako atatoka amefifia hata kama mmezama kidogo tu, na juu yake kutatanda chembechembe zinazoelea. Kwa hiyo kamera nzuri ya majini ni ile inayokuruhusu usogee karibu kabisa na bado ione sawasawa.

Ndiyo sababu ninaiheshimu sana OM System TG-7, iliyotoka mwaka 2023, na ndugu yake TG-6 ya 2019 iliyotoka kwa jina la Olympus. Sensa yake, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, ya megapikseli 12 tu, na kwenye karatasi inaonekana kamera ya kawaida. Lakini ina hali ya hadubini ambayo lenzi inalenga kitu kilicho sentimita 1 mbele yake, hata ukivuta zumu. Mchukue konokono wa bahari asiye na gamba, mmoja wa wale wenye rangi kama kanga mpya, ambaye mwili wake wote unakaa juu ya kucha ya kidole gumba. Kwa TG utaziona pembe zake mbili zenye mikunjo, na matamvua ya kupumulia mgongoni moja moja. Kamera nyingi ndogo za bei ya juu zaidi haziwezi kufanya hivyo bila kuongezewa lenzi ya nje.

TG inaingia majini yenyewe hadi mita 15. Kwa anayeogelea na miwani na mrija, inamtosha. Kwa mzamiaji wa mtungi haitoshi, maana hata cheti cha mwanzo kinakuruhusu kushuka mita 18. Hapo unahitaji kasha, yaani sanduku gumu lisilopitisha maji ambalo kamera inakaa ndani yake. Kasha la PT-059 linapokea TG-6 na TG-7 zote mbili na linafika mita 45. Kuna faida nyingine ninayoithamini: kasha likivuja, ndani yake kuna kamera ambayo yenyewe haiogopi maji hadi mita 15. Kwa mtu ambaye kamera ndiyo riziki yake, hilo ni jambo kubwa.

Mipaka yake niiseme wazi. Huwezi kupanga mwenyewe kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga), na tundu la lenzi, linaloamua mwanga mwingi kiasi gani uingie, lina hatua chache tu. Ukitaka picha ya mzamiaji dhidi ya miale ya jua, na maji ya nyuma yawe ya buluu iliyokolea, utakuwa unaibembeleza kamera kwa kupunguza mwanga badala ya kuiamuru. Na pakiwa na giza, sensa ile ndogo inaanza kutoa punje punje kwenye picha.

Hapa ndipo zinapoingia Sony RX100 na Canon G7 X. Sensa zao zina upana wa milimita 13.2 kwa 8.8, eneo kama mara nne ya sensa ya TG, na unapanga kila kitu kwa mkono wako. Kwenye mwamba mpana wa matumbawe, kasa anayepita, au kundi la samaki chini ya jahazi, tofauti utaiona bila kuambiwa. Canon ninaipenda kwa jambo moja mahususi: kuifundisha kamera nyeupe ni ipi ni rahisi kwake kuliko kwa nyingi nilizoshika. Unapiga picha ya kibao cheupe au mchanga mweupe kwenye kina ulichopo, unaithibitisha, na rangi zinarudi. Ukishuka mita chache zaidi unarudia. Kwa wanaochukua video bila taa, hilo peke yake ni sababu ya kuinunua.

Kwenye RX100 kuwa makini na toleo. RX100 VII ina lenzi ndefu ya milimita 24 hadi 200 (namba ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta vya mbali), na nchi kavu inapendeza sana. Majini ninaichagua RX100 VA, yenye milimita 24 hadi 70 na tundu pana la f/1.8. Lenzi inayochomoza sana inahitaji kasha lenye mdomo mrefu, na mdomo mrefu unaiweka mbali lenzi ya nje ya kupanua eneo linaloonekana, hivyo pembe za picha zinaingia giza. Zumu ya 200 yenyewe haina kazi chini ya maji, kwa sababu ile ile ya umbali. Na upanuzi utauhitaji: kioo bapa cha kasha kinakuza vitu kwa thuluthi moja, kwa hiyo lenzi ya milimita 24 inabana kama ya 32.

Sasa fedha. TG-7 ilipotoka iliuzwa kama dola 550 za Marekani, na RX100 VII kama dola 1,200, zote bila kasha. Mwenye dola 1,200 mkononi simshauri azimalize kwenye kamera. Anunue TG, kasha lake, na flashi moja ya nje yenye mkono wa kuiweka pembeni. Flashi iliyo kwenye kamera inamulika maji yaliyo mbele ya lenzi na kuzigeuza chembe zote kuwa nukta nyeupe. Ile ya pembeni inaingiza mwanga kwa mshazari na kurudisha nyekundu ya tumbawe, ambayo hakuna programu ya kompyuta itakayoirudisha vizuri ikiwa haikuingia kwenye kamera tangu mwanzo.

Papa potwe wa Mafia ni habari tofauti. Wale mnaokwenda Kilindoni kuanzia Oktoba, flashi iacheni kwenye boti. Maji yale yamejaa planktoni, ndicho chakula kilichomleta mnyama, na flashi itawapa ukungu mtupu, mbali na kumsumbua. Mnaogelea karibu na uso wa maji, mwanga wa jua upo, na kamera yoyote kati ya hizi tatu inatosha ikiwekwa kwenye upana wake wote. Mwenye Sony au Canon apige faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, kasi ya shata isiwe chini ya 1/250 ya sekunde, maana mkia ule unatembea.

Kabla hujalipia kamera iliyotumika, tafuta kwanza kasha lake. Kila kasha limechongwa kwa toleo moja au machache, na kitufe kikipishana kwa milimita mbili hakibonyezeki. Agiza pamoja nalo oringi (pete za mpira zinazozuia maji yasiingie) mbili za akiba na grisi ya aina inayotajwa na mtengenezaji wa kasha. Kila mara kabla ya kufunga, pitisha ncha ya kidole kwenye oringi mzunguko mzima. Unywele mmoja au chembe ya mchanga utaihisi kabla hujaiona. Ukitoka baharini, loweka kasha likiwa limefungwa kwenye maji yasiyo na chumvi kwa nusu saa huku ukibonyeza vitufe vyote, ndipo ulifungue. Chumvi ikikaukia chini ya kitufe, ni hiyo itakayokata oringi yake ndogo, na hiyo hutaiona bila kulivunja kasha.